Hivi kuna mwanaume mwingine humu anayepepeta uwele ili akili itulie?

MhasibuNzuguni

Mbukwenyi wakuu.

Naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma, mkimaliza chekeni tu hamna shida.

Mimi ni baba wa watoto wawili, miaka 41, naishi Nzuguni hapa Dodoma, kazi yangu mahesabu na ofisi iko kule Mtumba. Wanaofanya kazi kama yangu wanajua mwezi wa sita ukoje. Bunge la bajeti linakuwa linaendelea toka Aprili, mji umejaa, foleni, halafu na nyie huko ndani mnatakiwa mfunge mwaka wa fedha tarehe 30, vocha hazina viambatanisho, mtu anakupigia saa nne usiku anakuuliza namba ambayo umeshamtumia mara tatu. Mwaka jana ilinikuta vibaya. Nalala saa tano, saa nane macho makavu, nimelala chali nahesabu misumari ya dari mpaka adhana. Nikaacha chai ya jioni, nikajaribu kutembea jioni, wapi. Waifu akasema nenda ukapime, nikaenda, presha imepanda kidogo, nikaambiwa nipunguze mawazo. Sawa daktari, nayapunguzia wapi sasa?

Jumamosi moja nikaenda Mpwapwa kijijini kwa mama. Nimemkuta amekaa uwanjani na madebe mawili ya uwele umeshapigwa bado kupepetwa, na bega linamsumbua, anarusha mara mbili anapumzika. Nikamwambia mama hebu lete huo ungo. Akaniangalia na shati langu la ofisini, akacheka, akanipa.

Sasa niwaeleze kwanini najua kupepeta. Darasa la kwanza mpaka la tano nimelelewa na bibi mzaa mama, na pale kwake hapakuwa na binti hata mmoja, tulikuwa mimi na mjomba wangu mdogo tu. Watu wakimwambia bibi unamfundisha mtoto wa kiume ungo, anawauliza ugali huwa hali? Basi jioni mimi niko chini nimenyoosha miguu, ungo juu ya mapaja, napepeta. Na bibi wala hakuwa ananiangalia. Alikuwa amenipa mgongo anachambua mlenda wake, anasikiliza. Maana kupepeta kuna mlio wake, unarusha chwa, chwa, halafu ya tatu unainamisha mbele kidogo unavuta, chwaaa, pumba zinatoka na upepo. Mlio ukibadilika tu bibi anasema "unamwaga", bila kugeuka. Na kweli nikiangalia chini naona uwele mzima mzima umelala kwenye vumbi, na kuku wameshauona kabla yangu.

Siku hiyo kwa mama nilidhani nimesahau, miaka zaidi ya 25 sijashika ungo. Mikono ikakumbuka yenyewe. Nilimaliza madebe yote mawili, jua likazama, mwili mzima unawasha maana vumbi la uwele mnalijua, nikaoga, nikalala saa mbili na nusu usiku mpaka kumi na mbili asubuhi. Hata kukojoa sikuamka.

Nikarudi mjini na ungo na debe moja. Tangu hapo siku kichwa kikijaa natoka nyuma ya nyumba nakaa chini napepeta nusu saa, basi.

Shida sasa. Uwele wa kupepeta uliisha. Nikanunua mchele nikasema nitapepeta huo huo, lakini mchele wa siku hizi umepita mashine zote, nimepepeta kilo tano nikapata jiwe sifuri na kipande cha kamba ya gunia. Unapepeta nini sasa hapo? Juzi waifu kanikuta nyuma ya nyumba narudishia pumba kwenye uwele niliokwisha kuusafisha, ili nianze upya. Hakusema neno, akageuka akarudi ndani.

Hapo ndipo nikaona nije kuuliza. Moja, ni mimi peke yangu au na nyie kuna kazi ya nyumbani mliyofundishwa utotoni ambayo ukiishika mawazo yanakaa pembeni? Mbili, hapa mjini uwele ambao haujapepetwa unapatikana wapi, bila muuzaji kuniona chizi?

Mtu wa Kijiweni

Umesema tukimaliza tucheke, nimemaliza.

KURUDISHIA PUMBA mkuu?? hahahaha nimesoma hiyo sentensi kwa sauti hapa kijiweni mzee mmoja kamwaga kahawa. Wewe ni mhasibu wa kweli, kazi imeisha unaifungua upya ukaguzi.

Ila serious sasa, huko kwetu wanasema mwanaume ukishika ungo unaota matiti. Jiangalie.

Mama Makulu

Huyu wa kijiweni mwacheni, hata sufuria lake hajui linaoshwa na nani.

Mwanangu mhasibu, mbukwa. Nimefurahi sana kusoma, yaani umenirudisha mbali mno. Wewe sio chizi. Mimi nina miaka 63, nimestaafu, nimepepeta tangu sijaota meno ya ukubwa, na mpaka leo wajukuu wakinipigia kelele nachukua ungo natoka nje na maharage, hata kama yameshachambuliwa.

Lakini nikusahihishe vitu viwili vitatu maana nimeona unapepeta kwa kumbukumbu. Kwanza umesema unakaa nyuma ya nyumba, je upepo unatokea wapi? Nyuma ya nyumba kukiwa na ukuta upepo unazunguka, pumba zinakurudia usoni ndio maana unawashwa mwili mzima. Upepo uupe ubavu, usikupige usoni na usikae nao mgongoni moja kwa moja maana utakumwagia kwenye shingo. Funga kitambaa kichwani hata kama wewe ni mwanaume, kanga ya mkeo itatosha, na mdomo ufunge pia, vumbi lile likiingia kifuani unakohoa wiki. Sasa hivi wakati huu wa mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa Dodoma haukopeshi, huna haja hata ya kurusha juu sana, nyanyua kidogo tu wenyewe unafanya kazi.

Pili mawe. Pumba zinatoka mbele lakini mawe hayatoki kwa kurusha. Unatikisa ungo kulia kushoto taratibu, umeuinamisha kidogo, uwele unatembea mbele mawe yanabaki nyuma karibu na tumbo lako, ndio unauchota ule wa mbele kwa kiganja. Nina hakika bibi yako alikufundisha umesahau.

Tatu, uwele nenda Majengo sokoni asubuhi, usiende madukani, nenda kwa wale akina mama wanaokaa na magunia chini. Wengi wao wanapepeta wenyewe kabla ya kuuza, wewe mwambie nataka uliotoka shamba. Atakushangaa, ndio, lakini atafurahi maana umempunguzia kazi. Na usikubali akuuzie bei ya uliosafishwa!!

Pevingi Kisasa

Mkuu hauko peke yako, mimi yangu inachekesha kuliko yako.

Nimekulia Manyoni, kazi yangu nyumbani ilikuwa kufagia uwanja. Uwanja wa udongo, mkubwa, kabla ya kwenda shule. Unaamka kuna kagiza, unanyunyiza maji kidogo kwa kopo lililotobolewa matundu ili vumbi lisinyanyuke, maji yenyewe ya kubeba kwa hiyo ukizidisha unachapwa. Halafu unafagia unarudi nyuma. Unarudi nyuma ili usikanyage mistari. Ufagio ule mfupi wa kuinama unaacha mistari kama nywele zilizochanwa, ukimaliza unasimama mlangoni unaangalia uwanja wote una mistari mizima hakuna unyayo hata mmoja, halafu anatoka mbuzi.

Nilikuwa naichukia ile kazi, wallahi. Nikasema siku nikijenga sitaki kuona udongo. Nimejenga Kisasa, nikamwaga pevingi uwanja mzima kuanzia geti mpaka ukutani, hela niliyotumia pale ningenunua pikipiki. Mwaka wa kwanza raha. Mwaka wa pili nikafiwa na mzee. Tumetoka kuzika nimerudi hapa mjini asubuhi nimeamka kumi na moja nimechukua ufagio nimetoka nje, nimesimama kwenye pevingi sijui nianzie wapi. Unafagia pevingi inabaki vile vile, haina mstari.

Nimeng'oa safu nne kule nyuma karibu na tangi la maji. Fundi aliyezipanga nilimwita azing'oe akaniuliza kuna bomba limepasuka? Nikamwambia ndio.

BintiWaShangazi

Mimi naomba niwe tofauti kidogo na samahani kama naharibu uzi.

Mimi nililelewa kwa shangazi, sio kwa bibi, na naona hiyo ndio tofauti. Vyombo vya watu 11 kila siku kabla ya shule na baada ya shule, masufuria meusi ya kuni, nasugua kwa majivu na mchanga na gunzi la mahindi mpaka kucha zinaisha, na watoto wa shangazi wamekaa wananiangalia. Kama kabla ya kupika ningeruhusiwa kupaka sufuria udongo kwa nje masizi yangetoka kirahisi, kila mtu anajua hilo, lakini shangazi alisema ni uvivu.

Mpaka leo nikisikia sufuria inagongana na sufuria moyo unanidunda. Nina dada wa kazi, namlipa vizuri, na siku yake ya mapumziko vyombo vinalala. Vinalala kabisa. Mume wangu ndio anaosha Jumapili jioni huku anapiga mluzi, anasema inampumzisha, namwangalia kama mtu wa nchi nyingine.

Sio kwamba nawapinga. Nauliza tu, ungekuwa unachapwa kwa kila punje unayomwaga ungekuwa unaukumbuka huo ungo?

MhasibuNzuguni

Dada BintiWaShangazi hujaharibu chochote. Nimekaa na swali lako toka jana.

Kusema ukweli bibi hakuwa mpole kiasi hicho, fimbo nimekula, za kutolinda ndege shambani hasa. Kweleakwelea wakishuka kwenye uwele ni dakika, wewe umelala juu ya dungu kombeo liko mkononi, ukishtuka masuke yamebaki vijiti. Na ndio nimegundua kitu, kulinda ndege sikutamani kurudia hata siku moja. Kwa hiyo sijui, inawezekana uko sahihi, kwenye ungo sikuchapwa. Alikuwa anasema unamwaga, basi, halafu anaendelea na mlenda wake. Pole sana kwa yale masufuria.

Mama Makulu shikamoo. Ni kweli kuna ukuta, upepo unazunguka. Nimehamia upande wa mbele, sasa majirani wananiona lakini siwashwi. Kanga nimefunga.

Pevingi Kisasa nimecheka mpaka waifu kaja kuuliza, nikamsomea. Amesema afadhali wewe unang'oa pevingi.

Karanga za Kongwa

Huku Kongwa kwetu ni kubangua karanga. Gunia linamwagwa katikati ya chumba jioni mnakaa mmezunguka na kibatari, kila mtu na bakuli lake. Unabonyeza pale kwenye ncha kwa dole gumba inapasuka paa, unatoa mbili, ganda pembeni. Baada ya saa moja dole gumba limevimba halina hisia. Na mama alikuwa mjanja, anatuimbisha. Tulidhani anapenda nyimbo, kumbe ukiimba huwezi kutafuna, sauti moja ikikatika tu anajua nani kala.

Zile za mbegu ndio lazima kwa mkono, ukitumia fimbo unapasua na ikipasuka haioti. Kwa hiyo hata leo na mashine zipo za mbegu bado wengi tunabangua wenyewe.

Halafu mnajua Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga, ardhi ikiwa kavu inakuwa ngumu kama saruji, mvua ikagoma, mwaka 1951 wakaacha. Bibi yangu alikuwa anasema wale hawakuwa na mtu wa kuwaimbisha. Mimi kila mwezi wa saba nikitoka Dar nikifika nyumbani sisalimii sana, nakaa kwenye lile duara nachukua bakuli. Watu wanapiga stori juu ya kichwa changu, hakuna anayeniuliza kazi inaendaje, nitaoa lini. Mwenye karanga mkononi haulizwi.

Mtu wa Kijiweni

Ok wakuu nimerudi. Nimewasoma wote.

Mimi ni pasi. Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo juu. Nilikuwa nanyoosha sare za wadogo zangu wanne kila Jumapili, mkaa unapuliza kwanza nje majivu yatoke, unaipitisha pasi kwenye jani la mgomba iteleze, unapima moto kwa kidole chenye mate, tsss. Kola, mabega, mikono, halafu mgongo mwisho. Mpaka leo nanyoosha hivyo hivyo kwa mpangilio huo huo na pasi ya umeme, mke wangu akitaka kunisaidia nakataa. Sikuwahi kufikiri kuwa ni kitu cha kusema.

Matiti sijaota.

Mama Makulu

Umeona sasa.

hosteli_block_4

Nasoma hapa UDOM mwaka wa pili, nimesoma uzi wote badala ya kusoma mtihani. Mimi nafua. Wenzangu wanapeleka kwa dobi mimi nafua kwa mkono, beseni mbili, na maji yakikatika nalilia kwanza nguo halafu ndio nawaza kuoga. Mama alinifundisha kufua kola kwa kusugua shingo na shingo. Nikipigiwa simu kuna jambo nyumbani kitu cha kwanza naangalia kuna nguo chafu?

Endeleeni.

MhasibuNzuguni

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa, mnajua tarehe 30.

Nilienda Majengo Jumamosi kama nilivyoelekezwa. Nimemkuta mama mmoja ana magunia matatu, nikamwambia nataka uwele wa shamba usiopepetwa. Akaniuliza mchafu? Nikasema ndio. Akaniangalia, akamwita mwenzake, akamwambia huyu baba anataka mchafu. Nikaona aibu nikasema ni wa kuku. Basi akanipimia debe, akapunguza bei yenyewe, akaniambia kuku wako watakushukuru. Nimekuwa muongo kwa ajili ya uwele jamani.

Mwaka tumefunga. Sio kwamba ilikuwa rahisi, kuna siku mbili nimetoka ofisini saa sita usiku, lakini nilikuwa nikifika nyumbani hata saa hiyo natoka nje dakika kumi na tano, mbalamwezi inatosha. Ulinzi shirikishi walipita siku moja na tochi, wakasimama kwenye uzio wakaangalia, mmoja akasema shikamoo mzee, wakaondoka. Na usingizi unakuja, sio kila siku lakini unakuja.

Binti yangu wa miaka tisa ameanza kukaa karibu. Nimempa sahani ya bati na konzi ya uwele, amerusha mara moja wote ukaenda chini, kuku wa jirani wakaja mbio, akacheka sana. Hakunisaidia kitu lakini kakaa mpaka mwisho.

Jana nimempigia mama kumuulizia bega. Tumeongea ya bega, ya mashine ya kusaga kijijini imeharibika tena, ya mjomba. Nilikuwa nimeweka simu spika chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono iko kwenye ungo, naongea huku napepeta, chwa, chwa, chwaaa. Mama akanyamaza katikati ya stori. Nikadhani mtandao. Nikasema mama, haloo.

Akasema, "Unamwaga."

Nikawasha tochi nikaangalia chini. Kweli.